Pakanga ya Uani Kwangu, na Mpaka Uliopo Kati ya Mmea na Dawa



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka huu wahariri wa jarida letu wameniomba niandike juu ya ule mmea ulioko uani kwangu, nyuma ya darasa la watoto wadogo. Kila mgeni akipita pale huuliza: "Ustadhi, hii ndiyo ile dawa ya malaria?" Jibu langu huwa refu, na wengine huondoka kabla sijalimaliza. Nimeona bora niliandike lote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena asome kwa utulivu nyumbani kwake.

MMEA WENYEWE

Mmea huu kwa Kiswahili tunauita pakanga, na sokoni watu wengi husema artemisia. Jina lake la kitaalamu ni Artemisia annua. Neno hilo la pili lina maana ya kitu cha mwaka mmoja, nao kweli ni mmea wa mwaka mmoja: huota, hukua, hutoa maua, huzaa mbegu, kisha hufa. Majani yake yamechanika vipande vyembamba vyembamba kama ya karoti. Ukiyafikicha mkononi yanatoa harufu kali inayobaki vidoleni hata baada ya kunawa. Ukiyatafuna ni machungu sana.

Ukoo wake ni mkubwa. Uko mmea uitwao kwa Kiarabu shiih, unaoota katika nchi kavu za Waarabu. Uko afsantin, ambao Ibn Sina (980–1037) aliutaja katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb. Na uko mmoja ulio wa asili ya milima ya Afrika, Artemisia afra, wenye majani ya kijivujivu na unaoishi miaka mingi. Nawaomba wanafunzi wakumbuke jambo hili: majina yanafanana na harufu zinakaribiana, lakini kilichomo ndani si kimoja. Kile kinachoua vimelea vya malaria, kiitwacho artemisinini, kinapatikana katika Artemisia annua. Mwenye kukuuzia majani makavu ndani ya mfuko, huwezi kujua kwa macho amekuuzia ndugu yupi wa ukoo huu.

KWA NINI NILIUPANDA

Kwetu ni Korogwe, bondeni, ingawa sasa ninaishi na kufundisha huku Lushoto milimani. Mwaka 2000, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mdogo wangu wa kike alishikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Akapewa klorokwini, kama kila mtoto alivyopewa siku zile, na mama akahakikisha ameimeza yote. Siku ya tatu likaja degedege, na kabla ya alfajiri Allah akamchukua. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wazazi wangu walifanya walilofundishwa kufanya. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokuwa mkubwa, kwamba vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea klorokwini. Mwaka uliofuata, 2001, Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria na ikaweka SP mahali pake. SP nayo ikaanza kushindwa, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, yaani ALu, ambayo wengi wenu mmewahi kuimeza.

Mwaka 2015, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza diploma yangu ya masomo ya Kiislamu, nilisikia redioni kwamba mwanasayansi wa Kichina, mama Tu Youyou, amepewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua artemisinini, na kwamba aliipata katika mmea. Habari ile ilinigusa kuliko nilivyotarajia. Nilitamani kuuona mmea huo kwa macho yangu na kuushika. Katika miaka ya 2000 wakulima wa nyanda za juu za Tanzania waliulima kwa ajili ya viwanda vya dawa, na jamaa yangu mmoja aliyefanya vibarua katika mashamba hayo upande wa Arusha alikuwa bado anaotesha michache kwake. Mwaka 2016 akaniletea mbegu ndani ya karatasi iliyokunjwa. Zilikuwa kama vumbi. Nilidhani amenitania.

KUOTESHA NA KUTUNZA

Mbegu za pakanga ni ndogo mno. Gramu moja ina mbegu zipatazo elfu kumi. Ukizipulizia pumzi zimekwenda. Kwa hiyo tunazichanganya na mchanga mkavu uliochekechwa, ndipo tunazimwaga juu ya udongo wa kitalu. Udongo uwe laini, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na uwe umeloweshwa kabla ya kupanda.

Hapa ndipo wengi hushindwa: mbegu hizi hazifukiwi. Zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifunika kwa udongo kama unavyofunika mahindi, utangoja mpaka uchoke. Zimwage juu, zikandamize kidogo kwa kiganja au kipande cha ubao, basi. Wala usizimwagilie kwa kopo, maana maji yatazisukuma zote pembeni. Sisi tunaweka udongo katika makopo mapana yaliyotobolewa chini, kisha tunayaweka ndani ya karai lenye maji kidogo, na udongo unajinywesha wenyewe kutoka chini.

Baada ya wiki moja hivi utaona vijani viwili viwili vidogo kuliko punje ya mtama. Viache. Vikifikia majani manne au matano, vihamishie kimoja kimoja katika viriba, ukitumia kijiti chembamba. Vikinge na jua kali kwa siku chache. Vikifikia urefu wa kama shibiri moja, ambao ni baada ya wiki sita hadi nane tangu kumwaga mbegu, vinaweza kwenda bustanini.

Tunahamisha masika yanapoanza kushika, mwezi wa tatu au wa nne, ili mvua itusaidie. Tunaacha nafasi ya nusu mita hadi mita moja kati ya mche na mche, kwa sababu mmea huu mdogo sana utotoni unaweza kukua ukapita kimo cha mtu mzima. Unataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Maji yakisimama kwenye mizizi, unanyauka. Palizi ni lazima katika wiki za mwanzo. Ukishapanuka, hufunika ardhi wenyewe na magugu hayapati nafasi. Ukikata ncha ya juu ukiwa bado mchanga, unatoa matawi mengi ubavuni.

Mambo mawili zaidi kwa anayetaka kupanda. La kwanza, usiupande katikati ya mboga. Majani yake yakianguka na kuoza yanazuia mbegu nyingine kuota, na mchicha wako utakuwa wa kwanza kulalamika. La pili, pakanga hutoa maua siku zinapokuwa fupi. Huko kwao Uchina mchana wa kiangazi ni mrefu, kwa hiyo hupata muda wa kukua kabla ya maua. Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo aina nyingine hutoa maua zikiwa bado fupi. Zinazofaa kwetu ni zile zilizochaguliwa kwa nchi za joto, zinazochelewa kutoa maua. Ukipata mche mzuri wa namna hiyo, kata vipandikizi vya matawi machanga, vichomeke katika mchanga wenye unyevu, na katika wiki mbili tatu vitakuwa na mizizi. Kipandikizi kinafanana na mama yake, lakini mbegu hubahatisha.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Wakati wa kuvuna ni pale vitumba vya maua vinapoanza kujitokeza, kabla havijafunguka. Wataalamu wanasema hapo ndipo artemisinini huwa nyingi majanini. Mimi nina sababu nyingine pia. Chavua ya maua yake huwaletea baadhi ya watu chafya, mafua na kubanwa kifua, na darasani tunao watoto wenye pumu. Kwa hiyo tunakata kabla ya maua, tukiacha mche mmoja wa mbegu mbali na madarasa.

Majani hukaushwa kivulini, juu ya mkeka safi, mahali penye upepo. Jua kali huyaharibu. Yakikauka hupukutishwa na kuwekwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na mwanga. Sisi tunayatia katika vifuko vya kitambaa na kuviweka ndani ya makabati ya vitabu na nguo, kwa sababu harufu yake ni adui wa nondo. Nayasema haya kwa kuyaona: kabati letu la vitabu lina hali njema kuliko zamani, ingawa kulifagia kila wiki nako kumesaidia.

MPAKA KATI YA MMEA NA DAWA

Sasa nafika kwenye lile jibu refu.

Mwaka jana, baada ya likizo, mmoja wa wanafunzi wetu alirudi kutoka Mombo kwa bibi yake. Wiki ya pili akashikwa na homa na kutapika. Baba yake alinijia baada ya swala ya Maghrib, akiwa na kikapu.

"Ustadhi, naomba majani ya ile dawa. Nimchemshie kijana."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, majani sikupi. Nitakusindikiza zahanati sasa hivi."

Akakasirika. Akasema, "Allah ameiweka dawa uani kwako, nawe unatunyima? Au unataka pesa?"

Maneno hayo yaliniuma, maana yule bwana ni jirani yangu na tumekula sahani moja mara nyingi. Lakini sikumpa. Nilichukua tochi, tukambeba kijana kwa zamu. Alipopimwa kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Akapewa mseto. Siku ya nne alikuwa anacheza mpira, alhamdulillah. Baba yake alichukua muda kidogo kuzungumza nami kama zamani, nami sikumlaumu. Mwenye mgonjwa ndani hana subira, na mimi sikusahau usiku ule wa Korogwe.

Kwa nini nilimnyima? Sikilizeni sababu, maana hii ndiyo elimu ninayotaka muichukue.

Sababu ya kwanza ni ya maji. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na moto huiharibu. Mama Tu Youyou mwenyewe alihangaika na jambo hili. Utafiti wa dawa mpya za malaria ulianzishwa na serikali ya Uchina tarehe 23 Mei 1967, na yeye akajiunga nao baadaye kidogo. Mmea ule ulikuwa ukitoa matokeo mazuri leo na mabaya kesho. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya nne. Humo aliona kwamba majani yalilowekwa katika maji na kukamuliwa, hayakuchemshwa. Akatambua kuwa huenda ni joto linaloua nguvu ya dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 tu, na mwezi wa Oktoba 1971 dawa aliyoikamua ikawaponya panya wote wa majaribio. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza, ili wajue kama ni salama, kabla ya kumpa mgonjwa. Angalieni umbali uliopo kati ya jani na kidonge: ni miaka ya kazi, majaribio na uaminifu.

Sababu ya pili ni kipimo. Majani ya mche huu na mche ule hayana nguvu sawa. Mbegu, udongo, siku ya kuvuna na namna ya kukausha, vyote hubadilisha kiasi. Kidonge cha mseto kina miligramu 20 za artemetha, ambayo hutengenezwa kutokana na artemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mzima humeza vinne kwa wakati mmoja, mara sita ndani ya siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Kikombe cha majani kina miligramu ngapi? Hakuna anayejua, si mimi wala si muuzaji.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Artemisinini huua vimelea kwa haraka sana, lakini hutoka mwilini ndani ya saa chache. Vinavyobaki huzaliana tena. Ndiyo maana dawa ikaitwa mseto: ya kwanza inapiga kwa kasi, na ya pili inakaa mwilini siku kadhaa ikimalizia mabaki. Anayekunywa majani peke yake anaweza kuona homa imeshuka, akasema amepona, kumbe vimelea viko damuni vinajipanga upya. Na vile vilivyoonja dawa kidogo bila kufa ndivyo vinavyojifunza kuizoea. Tayari vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda, Eritrea na katika mkoa wetu wa Kagera hapa Tanzania. Klorokwini ilianza kuondoka hivyo hivyo, polepole, na mimi najua ilimchukua nani nyumbani kwetu.

Kwa sababu hizi Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia, kwa namna yoyote, kwa kutibu wala kuzuia malaria. Mnakumbuka pia mwaka 2020, Madagascar ilipotangaza kinywaji cha artemisia kwa ajili ya korona na Tanzania ikatuma ndege kukichukua. Wiki zile watu waligonga mlango wangu asubuhi na jioni, na mfanyabiashara mmoja alitaka kununua shamba zima likiwa bado bichi. Kinywaji kile hakikuthibitika kutibu ugonjwa ule. Mfanyabiashara niliagana naye kwa heshima, na pakanga zangu zikabaki.

Wako watakaosema, "Ustadhi, je, hatukufundishwa kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa?" Ndiyo, tumefundishwa, na ni haki. Lakini dawa ile aijuaye anaijua, na asiyeijua haijui, na kazi yetu ni kuitafuta kwa elimu. Tumefundishwa vilevile kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Mimi ni mwalimu wa Qur'ani na fiqhi. Dhamana ya mtoto wa mtu anayetetemeka kwa homa siwezi kuibeba kwa kikapu cha majani.

WANAFUNZI WAMEPATA NINI

Mzazi mmoja aliniuliza katika mkutano: kama si dawa, bustani ile ya nini? Ni swali zuri.

Kwanza, wanafunzi wamejifunza subira ya kazi ndogo. Mtoto aliyewahi kuhamisha miche ya pakanga kwa kijiti anajua kushika kitu kwa upole, na nimeona hata mwandiko wao wa Kiarabu unanufaika. Pili, wamejifunza kuuliza. Siku hizi wakisikia redioni au kwenye simu kwamba jani fulani linatibu maradhi saba, wanauliza: limepimwa na nani? Kwa kiasi gani? Kwa muda gani? Tatu, wamejua kwamba kuchukua sababu ni sehemu ya kumtegemea Allah. Chandarua chenye dawa kitandani, kufukia madimbwi, kupimwa mapema mtoto akipata homa, kumaliza vidonge vyote hata ukijisikia nafuu: hizo ndizo sababu tulizo nazo leo.

Na tunajua ujira wa anayepanda mmea, kisha akanufaika nao ndege, mtu au mnyama, kwamba huandikiwa sadaka. Nyuki wanaukwepa mmea wangu na mbuzi hawautaki, lakini naamini mtoto aliyepata somo kwake amenufaika, na kwa Mola hakipotei kitu.

HITIMISHO

Wazazi wangu, nawausia mambo matatu. Mtoto akipata homa, hasa akitoka bondeni, apimwe siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Akipewa mseto, ammalizie dozi yake yote, na vidonge visigawiwe kwa mdogo wake. Na mwenye majani ya pakanga nyumbani ayaweke mbali na watoto na mama wajawazito, na asiyageuze kuwa zahanati.

Wanafunzi wangu, anayetaka miche aje baada ya Alasiri siku ya Alhamisi, aje na kopo lake lililotobolewa chini. Miche ni bure. Natumaini katika nyinyi atatoka mmoja atakayesoma kemia au tiba, akauchukua mwarobaini au mti mwingine wa milima hii, na kuufanyia kazi ile ndefu na ya uaminifu mpaka uwe dawa yenye kipimo. Siku hiyo, kama nitakuwa hai, nitaimeza bila wasiwasi.

Allah atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.